Kiwanda cha dawa cha Matola na mustakabali wake pale hataza zinapofikia kikomo

Msumbiji ina kiwanda cha umma kilichojengwa ili kutengeneza dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, shehena ya kwanza ya dawa kuu ya sasa iliyotengenezwa Afrika na kununuliwa na Mfuko wa Kimataifa kwa ajili ya nchi hiyo ilitoka Kenya. Sababu zake zinapatikana katika historia ya hataza, bei na vibali.

Rongui ni kisiwa kidogo katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, kusini kidogo ya mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Wakazi wa visiwa na mwambao huo wengi ni wavuvi, na Kimwani wanachokizungumza ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Dawa huwafikia kwa njia ndefu: hupitia ghala za taifa, kisha barabara za jimbo ambalo limekuwa katika vita tangu Oktoba 2017, na mwishowe huvuka maji kwa chombo. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Rongui iko mbali zaidi na Matola, mji wa kusini wenye kiwanda cha dawa cha taifa, kuliko ilivyo mbali na Kikuyu, mji ulio kando ya Nairobi. Umbali huo una maana pia katika biashara ya dawa.

Hataza ni nini?

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza kitu alichokibuni kwa muda maalumu. Kwa mujibu wa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, unaohusu haki za ubunifu, muda huo haupungui miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Dawa nyingi huchukua miaka 10 au zaidi katika majaribio kabla ya kufika sokoni, hivyo kampuni hubakiwa na muda mfupi wa kurudisha gharama zake na kujipatia faida.

Muda huo unapokwisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ileile kwa jina la kemikali yake. Hizo ndizo dawa za nakala, maarufu kama jenerika. Bei huporomoka, wagonjwa hupata nafuu, na kampuni iliyovumbua hupoteza sehemu kubwa ya mapato yake. Kampuni ya Merck ya Marekani inakabiliwa na hali hiyo kwa dawa yake ya saratani, Keytruda, ambayo kinga yake kuu nchini Marekani inatarajiwa kuanza kuondoka mwaka 2028. GSK ya Uingereza, mwenye hisa mkuu wa ViiV Healthcare, nayo inajiandaa kupoteza haki ya pekee ya dolutegravir katika masoko makubwa mwishoni mwa muongo huu.

Hiyo ndiyo sura inayozungumzwa zaidi duniani. Barani Afrika ipo sura ya pili ambayo haitajwi sana: kuisha kwa hataza kunaweza pia kukitia mashakani kiwanda kidogo ambacho hakikuvumbua dawa yoyote.

Msamaha wa nchi maskini

Mwaka 2001, mjini Doha, mawaziri wa nchi wanachama wa WTO walikubaliana kwamba sheria za hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi zenye maendeleo duni zaidi zilipewa msamaha wa kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi mwaka 2016. Novemba 2015 msamaha huo ukarefushwa hadi Januari 1, 2033. Msumbiji, Tanzania na Uganda zimo katika kundi hilo. Kenya haimo.

Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuzitumia nafasi zilizomo katika sheria hizo. Aprili 2004, wizara yake ya viwanda na biashara ilitoa leseni ya lazima kwa kampuni ya Pharco Moçambique kutengeneza mchanganyiko wa dawa tatu: lamivudine, stavudine na nevirapine. Leseni ya lazima ni ruhusa inayotolewa na serikali bila ridhaa ya mwenye hataza. Malipo kwa wenye haki yaliwekewa kikomo cha asilimia 2 ya mauzo.

Miaka michache kabla ya hapo, matibabu ya mchanganyiko wa dawa tatu yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. India wakati huo haikutoa hataza kwa kemikali za dawa zenyewe, na iliendelea hivyo hadi sheria yake ilipobadilika mwaka 2005. Viwanda vyake vilitumia nafasi hiyo kukua kiasi ambacho hakuna mshindani wa Afrika aliyeweza kukifikia.

Kutoka Rio de Janeiro hadi Matola

Wazo la kiwanda cha Matola lilianza mwaka 2003, Rais Luiz Inácio Lula da Silva wa Brazil alipoahidi kuisaidia Msumbiji kutengeneza dawa zake za UKIMWI. Ujuzi ulitoka Farmanguinhos, kiwanda cha dawa cha taasisi ya umma ya Fiocruz yenye makao yake Rio de Janeiro. Brazil yenyewe ilikuwa imepambana na kampuni kubwa kuhusu bei, na mwaka 2007 ilitoa leseni ya lazima kwa dawa ya efavirenz.

Ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Kampuni ya madini ya Vale, iliyokuwa ikichimba makaa ya mawe mkoani Tete, ilichangia dola milioni 4.5. Julai 2012, Makamu wa Rais wa Brazil wa wakati huo, Michel Temer, alihudhuria uzinduzi, na dawa ya kwanza kufungashwa ikawa nevirapine. Kampuni inayokiendesha kiwanda hicho inaitwa Sociedade Moçambicana de Medicamentos, kwa kifupi SMM.

Kati ya ahadi na uzinduzi ilipita miaka tisa, na katika muda huo tiba yenyewe ilikuwa ikibadilika. Dawa ambazo Brazil ilikuwa na ujuzi wa kuzitoa, kama nevirapine, zidovudine na lamivudine, zilikuwa za kizazi cha mwanzo. Hataza zake zilikuwa zimekwisha au zikielekea ukingoni, na kwa hiyo hapakuwa na kikwazo kikubwa cha kisheria cha kuzitengeneza. Lakini hapakuwa pia na kinga yoyote dhidi ya viwanda vya India vilivyokwisha kuzitoa kwa wingi na kwa bei ya chini.

Kisha ikaja dolutegravir. Mwaka 2014 ViiV ilikubali, kupitia taasisi ya Medicines Patent Pool inayoshughulikia ugawanaji wa hataza za dawa, kutoa leseni kwa watengenezaji wa jenerika. Septemba 2017 yakatangazwa makubaliano ya bei ya takriban dola 75 kwa mgonjwa kwa mwaka kwa kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kinachojulikana kama TLD. Shirika la Afya Duniani, WHO, likakipa kipaumbele, na Msumbiji ikaanza kuwahamishia wagonjwa wake katika tiba hiyo. Agosti 2023 Mfuko wa Kimataifa wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza bei iliyo chini ya dola 45.

Kwa mgonjwa, hizo ni habari njema: kidonge kimoja kwa siku, madhara machache, na usugu usiojitokeza kwa urahisi. Kwa kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya dawa za kizazi kilichopita, zilimaanisha kwamba soko lake kuu limehama.

Kibali na mnunuzi

Tatizo jingine ni nani ananunua. Nchini Msumbiji zaidi ya watu milioni 2 wanaishi na virusi vya UKIMWI, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dawa zao imelipiwa na Mfuko wa Kimataifa pamoja na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Wafadhili hao hudai kwamba dawa za UKIMWI ziwe zimethibitishwa na WHO au na mamlaka nyingine ya udhibiti inayotambulika kimataifa. Uthibitisho huo huhitaji maabara, kumbukumbu za kila hatua ya uzalishaji na ukaguzi wa mara kwa mara, mambo yanayogharimu fedha na miaka.

Kiwanda kisicho na uthibitisho hubaki kuitegemea serikali yake kama mnunuzi, na serikali hiyo haina sababu ya kulipia dawa ambayo wafadhili wanaileta bure. Bila mauzo, hakuna fedha za kuboresha kiwanda. Na bila maboresho, uthibitisho haupatikani. Huo ndio mduara unaovibana viwanda vingi vya dawa vya Afrika, na SMM ni mfano mmojawapo.

Kampala na Kikuyu

Uganda ilichukua njia tofauti. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilianzishwa kwa ubia wa wafanyabiashara wa Uganda na Cipla, na kikazinduliwa mwaka 2007. Kilipata uthibitisho wa WHO, kikatengeneza dawa za UKIMWI na malaria, na hisa zake zikaingia katika soko la Kampala mwaka 2018. Msamaha wa WTO ulikuwa nguzo ya biashara hiyo: kwa kuwa Uganda ni nchi yenye maendeleo duni, kiwanda kingeweza kutengeneza hata dawa zenye hataza kwingineko.

Hata hivyo, mwaka 2023 Cipla iliuza hisa zake, zaidi kidogo ya asilimia 51, kwa kampuni ya uwekezaji ya Africa Capitalworks, na kiwanda kikarudia jina la Quality Chemical Industries. Kabla ya hapo kilikuwa kimekumbwa na mzigo wa madeni ya serikali ya Zambia yaliyochelewa kulipwa. Mteja mmoja mkubwa anapochelewa kulipa, kiwanda chenye soko finyu hutikisika.

Kenya haina msamaha huo, lakini kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu ilipata uthibitisho wa WHO wa kutengeneza TLD mwaka 2023. Mwaka 2025 Mfuko wa Kimataifa ulitangaza kwamba kwa mara ya kwanza umenunua dawa hiyo ya mstari wa kwanza kutoka kwa mtengenezaji wa Afrika, na nchi iliyopelekewa ilikuwa Msumbiji. Kiasi hicho kinatosha kuwatibu zaidi ya watu 72,000 kwa mwaka.

Tofauti kati ya Matola na Kikuyu, kwa hiyo, haielezwi na hataza peke yake. Msumbiji ilikuwa na msamaha wa kisheria ambao Kenya haina. Kilichoifikisha Kenya sokoni ni uthibitisho wa ubora na mnunuzi aliyekuwa tayari kuagiza.

Nini kitatokea baada ya hapa?

Hataza za dolutegravir zitakapokwisha, kiwanda chochote duniani kitaweza kuitengeneza bila leseni. Ushindani utakuwa wa bei tupu, na ndani ya Afrika viwanda bado huagiza malighafi nyingi kutoka India na China. Anayenunua malighafi kutoka kwa mshindani wake hawezi kwa urahisi kuuza kwa bei ya chini kuliko mshindani huyo. Aidha, msamaha wa nchi maskini unafikia kikomo mwaka 2033, na hukoma mapema zaidi kwa nchi inayotoka katika kundi hilo.

Wakati huohuo dawa mpya zinafuata njia ileile ya zamani. Oktoba 2024 kampuni ya Gilead ilitoa leseni kwa watengenezaji sita wa jenerika kuizalisha lenacapavir, sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka kuzuia maambukizi ya VVU, kwa ajili ya nchi 120. Kati ya sita hao, wa Afrika ni mmoja tu, Eva Pharma ya Misri. Hakuna hata mmoja kutoka kusini mwa Sahara, eneo lenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo.

Fedha nazo zimepungua. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Novemba mwaka huohuo Mfuko wa Kimataifa ulikusanya ahadi za dola bilioni 11.34, ilhali lengo lilikuwa bilioni 18. Umoja wa Afrika, kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, umeanzisha utaratibu wa ununuzi wa pamoja wa dawa, kwa matumaini kwamba maagizo makubwa na ya uhakika yatavipa viwanda vya bara hili soko ambalo nchi moja moja haiwezi kulitoa.

Kwa mgonjwa wa Rongui, jina la kiwanda kwenye kopo si jambo la kwanza. La kwanza ni kopo lenyewe kufika kabla la awali halijakwisha. Lakini taifa linalotegemea dawa za wengine, zinazolipiwa na wengine, haliwezi kumhakikishia mgonjwa huyo kopo linalofuata pale mlipaji anapobadili nia. Matola ilijengwa ili kuliziba pengo hilo. Kuisha kwa hataza kutalifungua soko kwa kila mtengenezaji. Uthibitisho wa ubora na maagizo ya kudumu ndivyo vitakavyoamua kama Msumbiji itaingia sokoni humo kama muuzaji, au itaendelea kuwa mnunuzi tu.