Kingamwili bila kufuli: kutoka Cambridge hadi Kabete

Wadau, leo naweka msimbo kando. Ukisimama juu ya mwamba wa Manga, chini utaona chai, migomba na ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa huku anaijua vizuri ndigana kali: kupe anauma, na ng'ombe aliyetegemewa kwa karo anakufa baada ya wiki chache. Ugonjwa huo unatuingiza katika historia ya hataza za kingamwili.

Mwaka 1975, César Milstein na Georges Köhler, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Wakapata kiwanda kidogo kinachotoa kingamwili za aina moja tu, kama faili linalonakiliwa bila kuharibika. Shirika la serikali lililoshughulikia hataza liliarifiwa. Mwaka 1976 likajibu kwamba halioni matumizi ya karibuni. Milstein naye aliwagawia seli watafiti wengine.

Hiyo ilikuwa programu huria kabla ya Linux! Kufikia 1980, Pinder na Hewett wa kituo cha utafiti wa mifugo cha ILRAD, Kabete, walikuwa wamechapisha kazi iliyotumia mbinu hiyo kutofautisha aina za kimelea cha ndigana kali.

Lakini seli za Milstein zilifika pia Marekani. Huko Hilary Koprowski na Carlo Croce wa Wistar walipata hataza mwaka 1979 na 1980, juu ya kingamwili dhidi ya virusi na uvimbe wa saratani. Kufuli ya kwanza hiyo.

Kisha zikaja dawa. Adalimumab iliidhinishwa Marekani mwisho wa 2002 kutibu baridi yabisi, pale kinga ya mwili inaposhambulia viungo vyake yenyewe. Hataza yake kuu huko iliisha 2016, lakini mwenye dawa alikuwa amerundika nyingine zaidi ya 100. Dawa mfano wake ziliuzwa Ulaya kuanzia 2018; Wamarekani wakasubiri hadi 2023.

Tuwe wa haki: kuijaribu dawa kwa wagonjwa ni ghali, na mwekezaji hutaka ulinzi. Tena hataza ina nguvu pale iliposajiliwa tu. Ya Marekani haimfungi mtu Kenya. Ila bei hupangwa na wachache wanaojua kutengeneza, na sindano hii hutaka jokofu njia nzima.

Kwa hiyo mbinu ile ile ilimfikia ng'ombe wetu kwa miaka mitano. Mama wa Manga mwenye vidole vilivyovimba, je, atasubiri mingapi?