Utunzaji wa kinywa baada ya kupandikizwa jino

Ni uangalizi wa fizi na taya tangu skrubu ya titani ipachikwe katika mfupa hadi mfupa uishike, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Mbinu ya kupachika skrubu hiyo ni ya Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyempandikiza mgonjwa wa kwanza mwaka 1965.

Saa 24 za mwanzo donge la damu linaloziba kidonda halisumbuliwi. Mkazi wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori ya Kilifi, hakatazwi dafu, ila alinywe kwa kikombe: kufyonza kwa mrija huweza kuling'oa donge. Kahawa ya moto ingoje. Uji uliopoa wafaa. Kesho yake husukutua polepole kwa maji vuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Mswaki wa mti usiguse kidonda. Wa nyuzi laini husafisha meno mengine.

Sigara ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa hubana mishipa ya damu. Muguka (aina ya miraa) nao, ambao Kaunti ya Kilifi ilitangaza kuupiga marufuku Mei 2024, hutafunwa kwa saa nyingi, na skrubu changa haihitaji kutikiswa hivyo. Usaha, homa au skrubu kulegea humrudisha mgonjwa kwa daktari siku hiyohiyo.