Barua pepe yenye kufungwa: sentensi ya siri iulizwe mara ngapi?

Barua pepe yenye kufungwa kwa OpenPGP inasaidia mwandishi wa habari ao mtetezi wa haki za binadamu kulinda jina la mtu aliyemupatia habari. Iko na funguo mbili. Ule wa wazi unaupatia kila mtu, na ndio wanatumia kwa kukufungia barua. Ule wa siri unabakia ndani ya mashini yako, na ndio unazifungua. Ju mashini inaweza kuibiwa ao kukamatwa, ufunguo wa siri nao unafungwa kwa sentensi ya siri, ni kusema maneno kadhaa yenye kufuatana. Hiyo ndiyo inaulizwa wakati unasoma ao unatia sahihi.

Wengi wanachoka kuiandika, kisha wanaifupisha ao wanaiondoa kabisa. Afazali kupanga muda ambao mashini itaikumbuka. Lakini ule muda wote, mlango uko wazi.

GnuPG. Kawaida inakumbuka dakika 10 tangu mara ya mwisho umeitumia. Kisha saa 2, inauliza tena hata kama ungali unatumika. Unabadilisha ndani ya faili gpg-agent.conf: default-cache-ttl (600) na max-cache-ttl (7200). Hesabu ni ya sekunde. Kwa kuisahaulisha palepale, andika: gpgconf --reload gpg-agent.

Thunderbird. Tangu toleo la 78, la mwaka 2020, OpenPGP iko ndani yake. Ukiweka neno la siri kuu, inaliuliza mara moja, kisha inabakia wazi mpaka ufunge programu. Kama haukuliweka, kawaida haiulizi kitu: mwenye kufungua mashini yako anasoma yote.

Uchague namna gani?
- Mashini yako peke yako, nyumbani: dakika 10 zinafaa.
- Biro ya watu wengi: punguza hata mpaka sekunde 60, na funga ekra kila unaposimama.
- Mbele ya safari: zima mashini kabisa. Kufunika kifuniko tu hakufute sentensi yenye kukumbukwa.
- Mashini ya siberi: usiweke ufunguo wa siri hata siku moja.

Ukisahau sentensi, hakuna fundi ataweza kukurudishia, na barua za zamani hazitafunguka tena. Chagua maneno marefu lakini yenye unaweza kukumbuka, na usiyabandike ku mashini.