Heidenheim: Klabu ya Kilimani

Jina rasmi ni 1. FC Heidenheim 1846, na namba hiyo ya mwisho inaweza kumpotosha msomaji. Mwaka 1846 kilianzishwa chama cha mazoezi ya viungo katika mji huo wa Baden-Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Soka lilikuja baadaye sana, na klabu kwa sura yake ya leo ilizaliwa mwaka 2007 tu, idara ya soka ilipojitenga na chama mama ili ijiendeshe yenyewe.

Heidenheim una wakazi wapatao 50,000. Unafahamika kwa kiwanda cha Voith, kinachounda mashine za kutengenezea karatasi na mitambo ya umeme wa maji. Uwanja wenye jina la kiwanda hicho uko kilimani, jirani na ngome ya Hellenstein, na unachukua watu 15,000.

Septemba 2007 timu, iliyokuwa ikicheza ligi ya daraja la nne, ilijikuta haina kocha. Holger Sanwald, aliyekuwa akiongoza soka mjini hapo tangu miaka ya 1990, akamwita Frank Schmidt, mzaliwa wa Heidenheim aliyekuwa ametundika daluga miezi michache tu kabla. Aliombwa ashikilie timu kwa mechi mbili. Hakuondoka tena. Mwaka 2009 akaipandisha ligi ya tatu, mwaka 2014 ligi ya pili, na mwaka 2023 akavunja rekodi ya Volker Finke wa Freiburg ya kocha aliyedumu muda mrefu zaidi mfululizo katika klabu moja ya kulipwa Ujerumani. Katika nchi ambako makocha hutimuliwa baada ya vipigo vichache, uvumilivu huo unastahili heshima kuliko kombe lolote.

Haukukosa kujaribiwa. Mwaka 2020 Heidenheim ilitoka sare mara mbili na Werder Bremen katika mchujo wa kupanda Bundesliga, 0-0 ugenini na 2-2 nyumbani, ikakwama kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Kwingineko kocha angefungashiwa virago.

Kisha ikafika tarehe 28 Mei 2023, siku ya mwisho ya msimu, mjini Regensburg. Heidenheim ilikuwa nyuma 2-0, ikapata moja, na dakika 90 zikaisha ubao ukisoma 2-1. Kule Sandhausen, timu ya Hamburg, mabingwa wa Ulaya wa mwaka 1983 waliokuwa wakiwania nafasi hiyo hiyo ya kupanda Bundesliga, walikuwa wameshinda, na mashabiki wao wakamiminika uwanjani kushangilia kupanda. Lakini Regensburg mpira ulikuwa bado unachezwa. Dakika ya 90+3 Jan-Niklas Beste akafunga penalti. Dakika ya 90+9 Tim Kleindienst akapachika la tatu. Heidenheim ikapanda, tena kama bingwa wa ligi ya pili.

Msimu wake wa kwanza Bundesliga ilimaliza ya nane na kukata tiketi ya Ulaya. Aprili 2024 Bayern München walipanda kilima kile, wakaongoza 2-0, wakalala 3-2.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu. Timu ilichoka kwa safari za Ulaya, ikaangukia mchujo wa kushuka daraja dhidi ya Elversberg, klabu ya mji mdogo zaidi. Ikatanguliwa tena 2-0 nyumbani, ikasawazisha, na katika marudiano Leonardo Scienza akafunga bao la ushindi dakika ya 90+5.