Ukaguzi wa Data

Kwenye yadi za makontena za Changamwe na Miritini, Mombasa, kazi ya karani huanza na namba iliyoandikwa mlangoni mwa kontena. Namba hiyo huingizwa kwenye lahajedwali, na mara nyingi kisanduku chake huwa kimewekewa sharti la kukataa ingizo lisilofuata kanuni. Kwa Kiingereza sharti hilo huitwa data validation. Wapo wanaoliita "uthibitishaji wa data". Mimi napendekeza "ukaguzi wa data", kwa sababu kuthibitisha ni kujua kwamba jambo ni kweli, na lahajedwali halina uwezo huo.

Tuchukue namba CSQU3054383. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6346 kinataka herufi 4 na tarakimu 7. Herufi 3 za kwanza humtaja mwenye kontena, ya nne hutaja aina ya kifaa, na tarakimu 6 ni namba ya kontena lenyewe. Ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Ili kuipata, kila herufi hupewa thamani yake, kisha thamani hizo na zile tarakimu 6 huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, kwa kufuata nafasi. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Ikiwa 10, huandikwa 0. Hapa jumla ni 6,185, na baki ni 3.

Karani aliyechoka akiandika CSQU3045383, sharti linalohesabu urefu wa alama 11 litamruhusu. Hesabu ya baki ingemnasa, kwani hapo baki ni 1. Lakini Excel haina sharti la namna hiyo lililo tayari. Itabidi uunde fomula ndefu mwenyewe. Hata ukiiunda, namba iliyonakiliwa kwingine na kubandikwa haikaguliwi, na ukibandika kisanduku kizima, sharti lililokuwepo hufutika. Makosa yaliyoingia kabla ya sharti kuwekwa nayo hubaki palepale, bila onyo.

Na tuseme hesabu imekubali. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa, ila ni ya kontena ambalo bado liko bandarini Kilindini au limeshapanda reli kwenda Nairobi. Hilo hujulikana tu mtu akienda hadi mlangoni mwa kontena akaisoma namba kwa macho yake. Huo ndio uthibitishaji.

Kazi ni mbili, basi zipewe majina mawili. Ofisi ikiandika "imethibitishwa" pale kompyuta ilipokagua umbo tu, dereva hutumwa kuchukua kontena lisilokuwepo, na mwenye mzigo huendelea kulipia siku za kuhifadhiwa. Lahajedwali la yadi liwe na safu mbili: "imekaguliwa", ijazwe na fomula, na "imethibitishwa", ijazwe na aliyeliona kontena.