Kazi ya mwisho wa masomo Kalemie: toka kuchagua somo mpaka siku ya kuitetea

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie (UNIKAL), au wa taasisi nyingine ya juu ya mji, anaweza kupita mitihani yote na bado akakosa diploma. Kinachobaki ni kazi ya mwisho wa masomo. Ndiyo inayowachelewesha wengi mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, huku wazazi wakiendelea kulipa na wadogo zake wakingoja zamu yao. Mara nyingi akili si tatizo. Tatizo ni kuanza bila mpango.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni nini, inapangwa namna gani, na ni wapi inapokwama.

TFC, memware na LMD

Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduati na kuimaliza kwa TFC, yaani kazi ya mwisho wa mzunguko. Aliyeendelea alifanya miaka 2 ya lisansi na kuandika memware, iliyo ndefu na nzito zaidi.

Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa ndiyo iliyofungua njia ya mfumo wa LMD: Lisansi, Masta, Doktora. Vyuo vya nchi viliuingia kwa jumla kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Sasa lisansi inachukua miaka 3 na kredi 180, masta miaka 2 na kredi 120. Kwa hiyo kaka au dada aliyesoma zamani akimweleza mdogo wake namna "lisansi" inavyokwenda, inawezekana wanazungumzia vitu viwili tofauti. Jambo la kwanza kwa mwanafunzi ni kuuliza fakilte yake: kazi inayoombwa inaitwaje, ina kurasa ngapi, ina kredi ngapi, na tarehe ya mwisho ya kuiweka sekretarya ni ipi. Majibu hayo yaandikwe, yasibaki kichwani.

Somo pana ni mtego

Wanafunzi wengi wanafika kwa direkta na kichwa kama "Uvuvi katika Ziwa Tanganyika". Ziwa hilo lina urefu wa kilomita karibu 670, kina chake kinafika mita 1,470, na linagawanywa na nchi 4: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Hakuna mwanafunzi mmoja atakayelimaliza kwa mwaka mmoja.

Somo linakuwa la kufanyika pale linapopunguzwa mara tatu: kwa mahali, kwa muda, na kwa swali. Kwa mfano: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye upande wake wa ziwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Je, kipindi kama hicho kinabadilisha namna gani bei ya ndakala kavu katika soko moja la Kalemie? Hapo kuna soko moja, miezi inayojulikana, na swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa kwenda sokoni kila juma akiwa na daftari.

Njia hiyo inafaa kwa fakilte zote. Mtu wa historia hawezi kuandika reli yote ya Tanganyika, lakini anaweza kukusanya kumbukumbu za wazee waliofanya kazi kwenye reli katika kartye moja. Mtu wa sheria anaweza kuchukua migogoro ya viwanja vilivyofikiwa na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024, katika avenyu chache tu. Mtu wa afya anaweza kuchagua kituo kimoja na ugonjwa mmoja.

Kipimo chepesi: kama somo haliwezi kusemwa kwa sentensi moja inayoisha na alama ya kuuliza, bado ni pana.

Somo toka mto Lukuga

Kuna habari ya hapa hapa Kalemie inayoonyesha kwa nini tarehe na mahali pa uchunguzi ni vya lazima. Lukuga ndio mto unaotoa maji ya ziwa kuyapeleka Lualaba. Leo kila mtoto wa Kalemie anajua hivyo, lakini katika karne ya 19 wageni walibishana sana juu yake.

Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874 akasema Lukuga ndio mlango wa ziwa. Henry Morton Stanley akaja mwaka 1876, akakuta njia imezibwa na majani na matope; kwake maji yalikuwa bado hayatoki, ila yangetoka ziwa likizidi kujaa. Mwaka 1879 Edward Hore alikuta kizuizi kimeshavunjika na maji yakienda kwa nguvu.

Mto ni ule ule, lakini ulikuwa unabadilika, na kila mmoja aliandika alichoona katika mwaka wake. Kwa sababu waliandika tarehe na mahali, wasomi waliofuata waliweza kupanga maelezo yao na kuelewa kwamba kiwango cha ziwa kinapanda na kushuka. Mwanafunzi anayeandika "bei ya samaki ni ya juu Kalemie" bila kusema siku gani, soko gani na kipimo gani, anamwachia msomaji kitu kisichoweza kulinganishwa na chochote.

Direkta na msaidizi wake

Kazi inaongozwa na direkta, mara nyingi profesa, akisaidiwa na asistanti au shefu wa travo. Katika vyuo vingi vya majimbo, baadhi ya maprofesa wanakuja kwa majuma machache, wanafundisha moto-moto, kisha wanarudi Lubumbashi au Kinshasa. Anayengoja mpaka mwezi wa mwisho anajikuta direkta amekwisha kuondoka.

Inasaidia kupatana mapema na "Prof" juu ya mambo matatu: atasoma sura kwenye karatasi au kwa simu, atahitaji siku ngapi kwa kila sura, na nani anasoma kwanza. Adabu ya kumfuata mwalimu ni nzuri, lakini "nilikuwa naogopa kumsumbua" imechelewesha kazi nyingi. Ujumbe mfupi wenye heshima na swali moja lililo wazi haumsumbui mtu.

Kalenda inayofuata mvua na upepo

Kupanga kazi Kalemie ni kupanga na hali ya hewa pia. Mvua zinanyesha karibu toka Oktoba mpaka Aprili, na barabara za kuelekea Nyunzu au Manono zinakuwa ngumu. Kiangazi kinafungua barabara, lakini upepo wa kusini unachafua ziwa, na safari ya Moba kwa mashua inaweza kungoja siku kadhaa.

Mpango wa miezi 9 unaweza kuwa hivi:

Mwezi wa 1 na wa 2: kuchagua somo, kusoma kazi za waliotangulia, kukubaliana na direkta.
Mwezi wa 3: kuandika utangulizi na kutengeneza maswali ya uchunguzi.
Mwezi wa 4 mpaka wa 6: kwenda uwanjani, huku majibu yakipangwa kila jioni.
Mwezi wa 7 na wa 8: kuandika sura na kuzipeleka moja moja.
Mwezi wa 9: kusahihisha, kuprinti, kufunga kitabu na kukiweka sekretarya.

Mwezi wowote unaweza kuliwa na malaria, kazi ya kutafuta pesa au matanga. Ndiyo maana mpango wa miezi 9 unafaa kuanzwa mwaka wa mwisho unapofunguliwa, si katikati.

Uwanjani: maswali yanayojibika

Kazi inaandikwa kwa Kifaransa, lakini wakaaji wanajibu kwa Kiswahili, Kiluba, Kitabwa au lugha nyingine. Kutafsiri neno kwa neno mbele ya mtu kunaleta majibu mabaya. Mvuvi akiulizwa "mapato yako ya mwezi ni kiasi gani?", atataja namba yoyote ili amalize mazungumzo. Akiulizwa "usiku wa jana mlipata beseni ngapi, na beseni moja iliuzwa bei gani?", atajibu bila shida. Tafsiri ya maswali iandaliwe nyumbani na kujaribiwa kwa watu 4 au 5 kabla ya kuanza.

Barua ya chuo inayomtambulisha mwanafunzi ni ya lazima. Inaonyeshwa kwanza kwa shefu wa kartye au wa lokalite, kisha kwa wenye nyumba. Anayeruka mlango huo anaonekana kama mpelelezi.

Jambo la kuangalia sana ni wakimbizi wa ndani. Vita kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka 2016 na 2017, vilisukuma watu wengi mpaka kandokando ya Kalemie. Mahali pale, mtu mwenye karatasi na kalamu anaonekana kama mtu wa msaada. Familia inaweza kutaja watoto wengi kuliko walio nyumbani, kwa matumaini kwamba orodha italeta chakula. Mwanafunzi aseme toka mwanzo kwamba haleti msaada, kwamba mtu anaweza kukataa kujibu, na kwamba majina hayataandikwa. Kuandika jina na kabila la aliyesimulia mauaji kunaweza kumtia hatarini baada ya kitabu kumalizika.

Wanaotengeneza kitu

Si kila kazi ni maswali na majibu. Mwanafunzi wa ufundi, wa kilimo au wa mawasiliano anaweza kuruhusiwa kutengeneza kitu: chombo, programu ya kompyuta, filamu fupi au kipindi cha redio. Hapo pia kunahitajika swali na kipimo. Upande wa Burundi wa ziwa hili, FAO ilisaidia watu kuanika ndagala juu ya vichanja badala ya mchangani. Mtu wa Kalemie akitaka kujaribu kichanja chake, kukijenga peke yake hakutoshi. Anatakiwa kuanika kiasi kile kile cha samaki mchangani na kichanjani, siku moja, kisha apime ni kilo ngapi zimekauka vizuri na ngapi zimeoza. Bila ulinganifu huo, juri litaona kichanja lakini halitaona kazi.

Kuandika, na kazi za kununua

Utangulizi unaeleza waliotangulia walisema nini, swali ni lipi, jibu linalodhaniwa ni lipi, na njia gani itatumika. Wengi wanaumaliza vizuri mwishoni, wakishajua walichokipata. Na jibu lililodhaniwa likionekana si kweli, kazi haijaharibika. Kusema hivyo wazi ni heshima ya msomi.

Faili iwekwe mahali pawili au patatu: kompyuta, kle USB, na barua pepe yake mwenyewe. Umeme unakatika, na kle USB ya kuzungushwa kwenye sekretarya za mjini inabeba virusi.

Kuna wanaouza kazi zilizokwisha kuandikwa, jina la mji tu likibadilishwa. Hatari yake si aibu peke yake. Kazi ya kununua inabeba namba za mahali pengine, na kesho shirika au ofisi fulani inaweza kuzichukua kama habari za Kalemie. Juri nalo lina njia rahisi ya kumjua mwenyewe: linauliza alipita barabara gani, alizungumza na nani kwanza, na swali gani watu walikataa kujibu.

Pesa, na siku ya kutetea

Bajeti iandikwe mwanzoni pamoja na familia: usafiri, fotokopi, kuandikisha, kuprinti, kufunga vitabu, na frè za chuo. Familia nyingi zinaweka pesa ya karamu, vikwembe na poda, kisha zinakosa franga za kuprinti nakala ya mwisho. Ni vema kitabu kilipiwe kwanza.

Siku yenyewe, mwanafunzi anapewa dakika chache tu. Hawezi kusoma kitabu chote. Anasema swali lake, njia yake, mambo matatu aliyoyapata, na mipaka ya kazi yake. Akiulizwa asichokijua, jibu "sikulichunguza hilo" ni bora kuliko kubuni. Baada ya makofi, masahihisho ya juri yanabaki, na chuo kinaweza kuzuia karatasi za mtu mpaka ayamalize.

Nakala moja inabaki maktaba. Ya pili, hata ikiwa ni kurasa 2 tu kwa Kiswahili, irudishwe kwa shefu wa kartye au kwa kamati ya wavuvi waliojibu maswali. Wao ndio wanaojua kama ni kweli, na ndio watakaomfungulia mlango mwanafunzi wa mwaka unaofuata.