Mzio, mizinga na neno tulilolikosa

Kipeperushi kilibandikwa ukutani, kwenye zahanati moja ya nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kabanga. Mstari wa nne ulisema: "Ukitokwa na mizinga baada ya kumeza dawa, acha dawa hiyo na urudi kituoni." Mzee aliyeketi karibu nami kwenye benchi aliusoma pole pole, kidole kikifuata herufi, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mizinga hii ni ipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, maana yeye ni mwenye mizinga. Ametundika ya magogo kwenye miyombo na michache ya mbao ameiweka karibu na shamba. Kuanzia Kasulu hadi Kibondo, mzinga ni asali, ni nta, ni ada ya mtoto shuleni. Mtu wa huko ukimwambia mizinga imemtoka mwilini, hujamwambia kitu.

Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Kiingereza kina neno moja kwa nyumba za nyuki na kwa ugonjwa wa ngozi, vitu viwili visivyohusiana hata kidogo, na mfasiri, au mashine yake, amechukua maana ya kwanza aliyoikuta. Nimeliona kosa hilohilo mara nyingi. Linaniuma, kwa sababu mstari ule wa nne ndio ungeweza kumwokoa mtu.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Ngozi inawasha, kisha inaumuka kama unga uliotiwa hamira. Uvimbe wa juujuu unatokea, mdogo kama punje ya harage au mpana kama kiganja, mara nyingine wa mahali pawili patatu unaungana na kuchora ramani mgongoni. Ndani ya ngozi kuna seli zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Zikiimwaga, mishipa midogo ya damu inavuja majimaji, na majimaji hayo ndiyo yanayoinua ngozi. Yakinyonywa, ngozi inarudi ilivyokuwa, haiachi kovu wala gamba. Ndani ya saa 24 uvimbe mmoja huwa umekwisha, ingawa mwingine unaweza kuwa umeota mahali pengine.

Hapo ndipo kilipo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, nacho ni kalamu ya wino. Unauzungushia uvimbe mmoja duara na kumwambia mgonjwa arudi kesho. Ukikuta duara tupu na uvimbe mpya mkononi, umeupata ugonjwa wako. Uvimbe ukiwa bado mlemle ndani ya duara siku ya pili na ya tatu, unauma kuliko unavyowasha, au umeacha doa kama jeraha la ndani, tafuta jina lingine.

Vitabu vingi husema ngozi "inakuwa nyekundu". Maneno hayo yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi, au unatokea kama weusi uliokolea kidogo. Msogeze mgonjwa dirishani, mwanga uje kwa ubavu, kisha pitisha kiganja: mkono utahisi vilima kabla jicho halijaviona. Mwuguzi anayesubiri wekundu atamrudisha nyumbani mtu anayeumwa kweli.

Je, Kiswahili kina jina lake? Tuna maneno mengi ya ngozi, na kila moja lina mwenyewe. Harara ni ya joto na jasho. Upele una wadudu wake, na unaambukiza nyumba nzima. Ukurutu unakauka na kukakamaa. Malengelenge yana maji ndani. Mabaka yamelala, hayakuinuka. Watu husema tu "vipele", na neno hilo linabeba kila kitu kuanzia chunusi hadi tetekuwanga, ndiyo maana tabibu akiambiwa "vipele" anakuwa bado hajaambiwa lolote. Jina la kitabuni, urtikaria, limetoka katika Kilatini na linataja mmea unaochoma ngozi. Wazee wetu nao wangeweza kupita njia hiyo, kwa kuwa upupu tunaujua na kiwavi mwenye vinyweleo tunamjua. Hawakufanya hivyo. Lakini sikiliza watu wanavyojieleza wenyewe: "nimeumuka mwili mzima". Kitenzi kipo midomoni. Kama kufumuka kulivyotupa mfumuko, kuumuka kunaweza kutupa miumuko. Mimi ningeandika "miumuko ya ngozi" kwenye kipeperushi kile, na urtikaria ningeiachia faili la hospitali.

Wengine huandika "vipele vya mzio" na kudhani wamemaliza. Sikubaliani nao, na sababu yangu si ya kisarufi. Miumuko mingi haitokani na mzio. Kwa watoto, mara nyingi kinachoileta ni mafua au homa nyingine ya virusi, na inakwisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Ikizidi wiki 6 inahesabiwa kuwa sugu, na miumuko sugu ni nadra sana kusababishwa na chakula. Sasa mpe mama jina lenye neno mzio ndani yake: atarudi nyumbani akitafuta mkosaji. Atamnyima mtoto mayai, kisha karanga, kisha dagaa, na mtoto aliyekuwa na mafua tu atabaki na ugali na majani. Jina baya linaweza kumkondesha mtoto.

Neno mzio lenyewe, hata hivyo, ni miongoni mwa istilahi nzuri kabisa tulizo nazo, na nalitetea popote. Neno la Kizungu, ambalo sisi tumelifanya aleji, lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: nyingine na kazi. Alitaka kutaja mwili unaotenda vingine baada ya kukutana na kitu mara ya kwanza. Ni jina zuri, lakini halimgusi msikilizaji. Mzio linamgusa, kwa kuwa lilikuwapo kabla ya hospitali. Mganga wa pwani alikuwa akimpa mgonjwa dawa na kumtajia mzio wake, chakula asichopaswa kukigusa, hata kama wengine wote nyumbani wanakila.

Nenda bara uone undugu wa neno hili. Kirundi, ambacho Waha wa Kasulu na Kibondo husikilizana nacho, kina umuziro, yaani mwiko. Ukilinganisha utaona r ya katikati inavyodondoka upande wetu: inzira ni njia, imvura ni mvua, umuziro ni mzio. Uganda, omuziro ni kile ambacho ukoo haukili. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, na jirani yake wa ukoo mwingine anazikaanga kwa raha zake bila kosa lolote. Senene hana ubaya. Katazo liko kati ya mtu huyu na kitu hiki. Ukinitaka nieleze aleji ni nini kwa sentensi moja, siwezi kuongeza neno hapo.

Ndiyo maana mzio lisichanganywe na maudhi ya dawa. Dawa ikikupa kichefuchefu, hayo ni maudhi, na yanaweza kumpata yeyote. Lisichanganywe na sumu pia. Nyuki mia kadhaa wakimvamia mtu, sumu yao itamwangusha awe na mzio au asiwe nao. Na mahali alipochomwa pakivimba, hiyo ni kawaida ya mchomo. Mzio wa nyuki ni pale mchomo mmoja wa kidoleni unapoumusha tumbo, mgongo na midomo.

Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Paul Portier na Charles Richet, waliwachoma mbwa kwa sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa aliyeistahimili dozi ya kwanza alipewa dozi ndogo ya pili wiki kadhaa baadaye, akafa ndani ya nusu saa. Jambo hilo waliliita anafilaksia, na Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kwa Kiswahili huandikwa "mshtuko wa mzio", nami silipendi. Kwetu mshtuko ni habari ya msiba, au moyo kuruka kwa hofu, na mtu aliyeshtuka hupewa maji na kiti. Huyu wa mzio, kiti kinaweza kumuua. Sema "mzio wa hatari", kisha taja dalili zake: sauti inakwaruza, ulimi unajaa, kifua kinabana na kupiga mluzi, anatapika, anaona giza. Ngozi inaweza isiumuke kabisa.

Dawa yake ni adrenalini, sindano kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, bila kusubiri. Mtu mzima hupewa nusu mililita ya ile yenye miligramu 1 kwa mililita 1, na baada ya dakika 5 hurudiwa kama hajapata nafuu. Vidonge vya Piriton au setirizini vinatuliza muwasho wa miumuko ya kawaida, na kwa kazi hiyo ni vizuri, setirizini hasa kwa kuwa haileti usingizi sana. Lakini havifungui koo linaloziba. Mlaze chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akae huku miguu imenyooshwa. Asisimamishwe ghafla. Najua kwamba vijijini gari la wagonjwa mara nyingi ni bodaboda, na mtu hupakatwa katikati, wima, damu yote ikishukia miguuni. Kama kuna namna yoyote ya kumleta mwuguzi na sindano yake pale mgonjwa alipolala, iwe hiyo. Na akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa mzio huo unaweza kurudi.

Nirudi kwa yule mzee. Alikuwa ameumuka siku tano nyuma, naye aliwalaumu nyuki. Tabibu, kijana mtulivu, hakukimbilia kukubali. "Shikamoo, mzee. Hebu tuanze mwanzo." Alichomwa lini? Alikuwa anameza nini siku hizo? Ikaja habari ya kikohozi, na vidonge vya Septrin vilivyobaki nyumbani, alivyovimeza siku mbili kabla ya kuumuka. Alipoviacha, ngozi ilitulia. Na juzi nyuki wawili walimchoma mkononi, pakavimba palepale tu.

Tabibu alimwuliza kama midomo ilitoka vidonda au ngozi ilibanduka, kwa kuwa dawa za salfa zina balaa jingine zito kuliko miumuko. Hapana. Akachukua kadi na kuandika juu kabisa kwa herufi kubwa: MZIO: SALFA. Akamweleza kwamba asitaje Septrin peke yake, bali salfa, maana imo pia kwenye SP, ile iliyotibu malaria hadi dawa mseto ilipokuja na ambayo wajawazito bado wanapewa.

"Kwa hiyo mimi nimekatazwa," mzee alisema.

"Umekatazwa, mzee."

"Na mama watoto?"

"Yeye hajakatazwa. Ni wewe."

Mzee aliikunja kadi, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaaga. Alitaka kuwahi mizinga yake kabla jua halijawa kali.